Maboma, Ngome na Mahandaki: Alama za Vita Zilizosalia Katika Ardhi ya Bonde la Kilombero na Maeneo Mengine ya Nchi

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, linafahamika kwa mpunga, miwa, reli ya TAZARA na eneo oevu lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 7,967, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya maeneo yanayolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni watu wachache wanaolikumbuka bonde hilo kuwa uwanja wa vita. Hata hivyo, kati ya mwaka 1905 na 1917, njia inayotoka kaskazini, kupita Ifakara, kuvuka Mto Kilombero na kupanda milima hadi Mahenge ilipitiwa na wapiganaji wa Vita ya Majimaji na, miaka 12 baadaye, na majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mkazi wa Katindiuka, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Ifakara, leo huenda Mahenge kwa kupita juu ya Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwezi Mei 2018. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa kivuko, na zamani zaidi kwa mitumbwi. Kwa mtawala wa kijeshi, mto mpana usiokuwa na daraja ulikuwa sehemu ya ulinzi: aliyeshika kivuko alishika njia, na aliyeshika mlima alimwona adui akiwa bado mbali. Ndiyo maana historia ya miundo ya ulinzi katika bonde hili haiwezi kutenganishwa na mito yake wala na milima inayolizunguka.

Miundo hiyo, kwa sehemu kubwa, ilijengwa kwa udongo, magogo na miiba. Haikuacha minara mirefu ya kupigwa picha. Iliacha matuta, mitaro, misingi na majina. Makala haya yanaeleza miundo hiyo ilikuwa ya aina gani, kwa nini mingi imetoweka, sheria ya nchi inasema nini kuihusu, na mwananchi anayekutana na mabaki yake shambani au kiwanjani anapaswa kufanya nini.

Maana ya boma, ngome na handaki

Neno boma, ambalo leo humaanisha zaidi ofisi ya serikali ya wilaya au zizi la mifugo, lilianza kwa maana ya uzio imara uliozunguka makazi ili kuyakinga dhidi ya maadui na wanyama wakali. Uzio huo ulijengwa kwa magogo yaliyosimikwa ardhini, ukaimarishwa kwa miiba, na pengine ukazungushiwa mtaro. Udongo uliochimbwa mtaroni ulirundikwa upande wa ndani ukawa tuta. Watawala wa Kijerumani walipojenga vituo vyao vya kijeshi bara, vituo hivyo navyo vikaitwa maboma. Baadaye kazi ya kijeshi ilipokwisha na kubaki ya utawala, neno lilibaki na ofisi. Hivyo mwananchi anayesema kwamba anakwenda bomani kushughulikia jambo lake anatumia, pengine bila kujua, neno lililotokana na ulinzi wa vita.

Ngome ni jengo au ukuta wa kudumu, wa mawe au matofali, uliojengwa kwa nia ya kuhimili mashambulizi. Handaki ni mtaro uliochimbwa ili askari asimame au alale ndani yake, kichwa na bunduki vikiwa usawa wa ardhi. Aina hizi tatu hutofautiana katika uwezo wa kudumu. Ngome ya mawe huweza kuishi karne nyingi ikiachwa bila kubomolewa. Handaki hujaa udongo taratibu, lakini umbo lake huweza kuonekana kwa miaka mia na zaidi mahali pasipolimwa. Boma la magogo huliwa na mchwa na kuoza, likabakisha mtaro wake na pengine mashimo ya nguzo yanayoweza kutambuliwa na mtaalamu wa akiolojia pekee.

Ukuta wa Kalenga

Mfano mashuhuri zaidi wa ngome iliyojengwa na wenyeji dhidi ya uvamizi wa kikoloni uko upande wa pili wa milima ya Udzungwa inayolipakana Bonde la Kilombero. Ni ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe iliyokuwa Kalenga, takribani kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Ujenzi wake unatajwa kuanza mwaka 1887. Ukuta wa mawe na udongo uliyazunguka makazi ya mtawala kwa urefu unaokadiriwa kufikia kilomita 4, na kimo chake mahali pengine kilikaribia mita 4.

Agosti 17, 1891, majeshi ya Mkwawa yaliangamiza kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walijibu miaka mitatu baadaye. Oktoba 30, 1894, kikosi kilichoongozwa na Gavana Friedrich von Schele, kikiwa na mizinga, kiliishambulia Kalenga na kuiteka. Mkwawa aliponyoka, akaendeleza vita vya msituni hadi alipojiua Julai 1898 badala ya kukamatwa. Fuvu lake lilirejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa katika makumbusho yaliyopo Kalenga. Ukuta wenyewe ulibomolewa na kusambaa. Vipande vilivyobaki vinaonekana katikati ya kijiji kinachoendelea na maisha yake ya kila siku.

Kalenga inafundisha jambo moja la msingi. Ngome hiyo ilikuwa kubwa kuliko kituo chochote ambacho Wajerumani walikuwa nacho katika eneo hilo, lakini iliyohifadhi kumbukumbu yake si mawe. Ni makumbusho, ukoo wa mtawala, na masimulizi ya wenyeji wanaojua mpaka wa ukuta ulipita wapi. Mahali ambapo hakuna aliyebaki kueleza, rundo la mawe hurudi kuwa rundo la mawe.

Boma la Mahenge na Vita ya Majimaji

Katika Bonde la Kilombero, kituo kikuu cha kijeshi cha Wajerumani kilikuwa Mahenge, juu ya milima iliyoko kusini mwa mto, ambako sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Ulanga. Ifakara, upande wa kaskazini wa mto, ilikuwa na kikosi kidogo tu.

Vita ya Majimaji ilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi na kuenea kwa kasi kuelekea magharibi. Agosti 16, 1905, wapiganaji waliivamia Ifakara na kukiangamiza kikosi hicho kidogo. Njia ya kwenda Mahenge ikawa wazi. Agosti 30, 1905, maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, lililokuwa likilindwa na afisa Theodor von Hassel akiwa na askari wapatao 60, mamia kadhaa ya wapiganaji wa wenyeji waliokuwa upande wa Wajerumani, na bunduki mbili za rashasha.

Matokeo ya siku hiyo yaliamuliwa na namna eneo lilivyoandaliwa. Mahali palipokuwa wazi mbele ya boma paliwafanya washambuliaji waonekane na kupigwa risasi wakiwa bado umbali wa takribani mita 1,000. Makundi mawili ya wapiganaji hayakufika kwa wakati mmoja, hivyo walinzi walipata nafasi ya kukabiliana na kundi moja baada ya jingine. Kundi la pili, la watu wapatao 1,200, lilitokea upande wa mashariki. Baadhi ya wapiganaji wake walifika hatua chache tu kutoka mstari wa bunduki kabla ya kuuawa. Boma halikutekwa, lakini lilibaki limezingirwa hadi msaada ulipowasili kutoka Iringa mwezi Septemba chini ya Kapteni Ernst Nigmann.

Kushindwa kwa shambulio hilo kulibadilisha mwelekeo wa vita katika eneo zima. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi kuliko mapigano yenyewe. Majeshi ya kikoloni yalichoma vijiji na maghala na kuharibu mazao, na njaa iliyotokea iliua watu wengi zaidi ya risasi. Makadirio ya jumla ya waliopoteza maisha kote kusini mwa nchi yanaanzia watu 75,000, idadi iliyotolewa na Wajerumani wenyewe, hadi 250,000 au zaidi kwa mujibu wa wanahistoria. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi kwa matendo hayo alipotembelea Songea.

Kwa sababu hiyo, mahali lilipokuwa boma la Mahenge na uwanda uliolizunguka ni zaidi ya alama ya utawala wa kigeni. Ni uwanja ambao watu wa bonde hili walikufa wakijaribu kuuondoa utawala huo. Uwanda huo wa wazi ni sehemu ya historia sawasawa na jengo.

Mito kama mistari ya ulinzi, 1916 hadi 1917

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika katika bonde hili, waliopigana walikuwa madola ya Ulaya, lakini waliobeba mizigo, waliochimba mahandaki na waliotoa chakula kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, majeshi ya Wajerumani yalirudi nyuma kusini na kuifanya Mahenge kuwa mojawapo ya ngome zao kuu. Milima ya Mahenge ilikuwa na chakula, na mito iliyoizunguka ilikuwa vizuizi vya asili. Majeshi ya Jenerali Jacob van Deventer, yaliyokuwa yakiwafuata kutoka Kilosa, yalifika Kidodi na kusimama karibu na Mto Ruaha Mkuu, ambao ng'ambo yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Upande wa magharibi wa bonde, kwenye Mto Ruhuji, kikosi cha Waingereza kilichokuwa chini ya Brigedia Jenerali Edward Northey kilijichimbia mahandaki huko Mkapira. Mwezi Oktoba 1916 majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Kraut yalikizingira. Kikosi hicho, kilichoamriwa na Hawthorn, kilitoka ndani ya mahandaki yake Oktoba 30, 1916, na kuwavunja wazingiraji. Mapigano ya namna hiyo hayakuhitaji saruji wala mawe. Kila upande ulitumia majembe, sururu na mapanga: handaki lililochimbwa kwa usiku mmoja au mbili, tuta mbele yake, na miiba iliyokatwa na kupangwa nje kama uzio.

Mwaka mmoja baadaye majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yalisonga kusini kutoka Kilosa, yakavuka bonde na kuingia Mahenge Oktoba 9, 1917. Kamanda wa Wajerumani katika eneo hilo, Theodor Tafel, alirudi nyuma kuelekea Mto Ruvuma na kusalimu amri Novemba 28, 1917. Vita katika bonde ikawa imekwisha. Mahandaki yakaachwa wazi, na mvua ya msimu uliofuata ikaanza kuyajaza.

Kwa nini mabaki ni machache bondeni

Sababu ya kwanza ni asili ya bonde lenyewe. Sakafu ya bonde hufurika kila msimu wa mvua kubwa, na mafuriko huacha tope jipya juu ya lile la zamani. Mtaro wa kina cha mita moja na nusu unaweza kujazwa kabisa. Mabaki ya aina hiyo yanaweza kuwa bado yapo, lakini chini ya udongo.

Sababu ya pili ni malighafi. Magogo na miiba huoza au kuliwa na mchwa. Matofali na mawe ya majengo yaliyoachwa yalichukuliwa na watu kujengea nyumba zao, jambo ambalo limetokea kwa ngome nyingi duniani na wala halikuwa kosa la mtu mmoja.

Sababu ya tatu, ambayo nguvu yake inaongezeka mwaka hadi mwaka, ni matumizi mapya ya ardhi. Trekta husawazisha kwa siku moja tuta lililodumu kwa karne. Upimaji wa viwanja, uchimbaji wa udongo wa matofali, ujenzi wa barabara na miundombinu ya umwagiliaji hufanyika katika maeneo yaleyale yaliyopendwa na makamanda wa vita: miinuko isiyofurika, kingo za mito na njia panda. Shughuli hizo ni za lazima kwa maendeleo ya wananchi. Kinachohitajika ni kujua kilichopo kabla ya kukiondoa.

Sababu ya nne ni uchimbaji wa watu wanaotafuta hazina. Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu katika maboma na makaburi yao imeenea katika maeneo mengi ya nchi, na imepewa nguvu na ukweli kwamba mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zilitengenezwa Tabora. Mchimbaji wa namna hii huharibu msingi na kaburi, na huvuruga tabaka za udongo ambazo mtaalamu angezitumia kujua nani aliishi hapo na lini.

Yaliyosalia kwingineko na sababu za kusalia kwake

Ili kuelewa ni nini kinachoweza kuokolewa Kilombero, inafaa kutazama maeneo ambako miundo ya aina hiyo imesalia.

Bagamoyo, katika eneo la Dunda, kuna mnara mdogo wa mawe uliojengwa na Wajerumani mwaka 1889 wakati wa vita dhidi ya upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Mnara huo wenye matundu ya kupenyezea mitutu ya bunduki umesalia kwa sababu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mikindani, mkoani Mtwara, boma lililojengwa mwaka 1895 lilikarabatiwa na kugeuzwa kuwa hoteli. Limesalia kwa sababu limepewa kazi mpya. Kasanga, mkoani Rukwa, magofu ya ngome ya Bismarckburg yako juu ya rasi inayoingia Ziwa Tanganyika; yamesalia kwa sababu ya mawe yake na kwa sababu mahali pale hapakulimwa.

Katika bonde la Rufiji, ambako maji ya Kilombero huishia, eneo la Beho Beho lilikuwa uwanja wa mapigano mwezi Januari 1917. Hapo ndipo alipouawa, Januari 4, mwindaji na askari wa Kiingereza Frederick Selous, ambaye kaburi lake liko palepale. Eneo hilo sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, na ardhi yake haijaguswa na jembe.

Nje ya mipaka ya nchi, mfano wa karibu ni Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Kati ya Maktau na mpaka wa Tanzania kuna ngome ndogo za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mlima wa Salaita una mahandaki yaliyotumika Februari 12, 1916, siku ambayo majeshi ya Afrika Kusini yalirudishwa nyuma na askari wa Kijerumani. Maeneo hayo leo hutembelewa na watalii wanaofuata historia ya vita. Ukame wa eneo hilo umesaidia, lakini kilichosaidia zaidi ni kwamba yametambuliwa, yakachorwa katika ramani na kupewa waongozaji.

Kwa hiyo mabaki ya vita husalia kwa moja kati ya sababu tatu: malighafi ngumu, ardhi isiyoguswa, au uamuzi wa watu. Bonde la Kilombero halina ya kwanza kwa wingi, na ya pili inapungua. Inabaki ya tatu.

Sheria inasemaje

Urithi wa aina hii unasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, na utekelezaji wake uko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii kupitia Idara ya Mambo ya Kale. Katika kutafsiri maana ya kumbukumbu, sheria hiyo haitaji majengo na ngome pekee. Inataja pia kazi za udongo, mahandaki, visima na barabara zilizofanywa na binadamu. Tuta na mtaro, kwa hiyo, vinaweza kuwa urithi wa kisheria hata kama havina jiwe moja.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu. Ulinzi wa moja kwa moja unaotolewa na sheria hiyo unahusu miundo iliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Karibu miundo yote iliyotajwa katika makala haya ni ya baadaye. Ukuta wa Kalenga ulianza kujengwa mwaka 1887. Mnara wa Dunda ni wa 1889. Mapigano ya Mahenge ni ya 1905, na mahandaki ya Mkapira ni ya 1916. Miundo ya kipindi hicho hupata ulinzi kamili pale Waziri mwenye dhamana anapoitangaza katika Gazeti la Serikali kuwa inalindwa.

Hii ndiyo hoja kuu kwa mwananchi. Handaki la mwaka 1916 ambalo halijaripotiwa haliwezi kutangazwa, na lisilotangazwa linaweza kusawazishwa bila mtu yeyote kuwa amevunja sheria ya urithi. Hatua ya kwanza katika mlolongo huo haianzii wizarani. Inaanzia kwa mtu anayelima, anayechunga au anayejenga, kwa kuwa ndiye anayeiona ardhi kila siku.

Umri mdogo wa eneo si kikwazo cha kuthaminiwa. Katika mkoa huohuo wa Morogoro, maeneo ya Mazimbu na Dakawa, yaliyotumiwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini katika miaka ya 1970 na 1980, yanatambuliwa kuwa sehemu ya urithi wa ukombozi wa Bara la Afrika.

Namna ya kuyatambua mabaki

Mwananchi anaweza kutofautisha mabaki ya ulinzi na mashimo ya kawaida kwa kuangalia mambo yafuatayo:

Kwanza, mahali. Mahandaki na maboma huwekwa mahali penye faida ya kuona mbali au kuzuia njia: ukingo wa mto karibu na kivuko cha zamani, kilima kinachotazama barabara ya kale, au mdomo wa njia ya mlimani.

Pili, umbo. Handaki la kivita mara nyingi halinyooki kwa urefu mkubwa. Hupinda kwa pembe kila baada ya hatua chache ili risasi au kombora moja lisiwapate wote waliomo. Udongo wake umerundikwa upande mmoja, ule uliomkabili adui. Mfereji wa umwagiliaji hufuata mteremko wa maji, na shimo la udongo wa matofali halina mpangilio. Mashimo ya wachimbaji wa madini ya vito, yanayoonekana katika milima ya Mahenge, huenda chini kufuata mwamba na huwa na vifusi pande zote.

Tatu, vitu vinavyoambatana. Maganda ya risasi, vipande vya chuma, vigae vya vyombo na misumari ya zamani ni dalili muhimu. Vitu hivyo vina thamani kubwa kwa mtaalamu vikiwa mahali vilipokutwa. Vikiokotwa na kupelekwa nyumbani hupoteza sehemu kubwa ya maelezo yake.

Nne, jina na masimulizi. Mahali panapoitwa bomani pasipokuwa na ofisi, au panapotajwa na wazee kuwa palikuwa na askari, panastahili kuangaliwa kwa makini. Masimulizi ya wazee yaandikwe pamoja na jina la mahali na mipaka wanayoionyesha.

Hatua za kuchukua

Mwananchi anayegundua mabaki anayodhani ni ya kihistoria anapaswa kusitisha kuchimba mahali hapo na kutoa taarifa kwa uongozi wa mtaa au kijiji, Afisa Mtendaji wa Kata, au Afisa Utamaduni wa Halmashauri, ambao wataifikisha kwa Idara ya Mambo ya Kale. Taarifa nzuri hutaja mahali hasa, ukubwa unaokadiriwa, kilichoonekana na picha ikiwezekana. Kuchimba kwa ajili ya kutafuta mabaki ya kale bila kibali ni kosa kisheria, na kuyasafirisha nje ya nchi kunahitaji leseni.

Endapo kitakachoonekana ni risasi nzima, kombora, bomu la mkono au chuma kinachofanana na hivyo, kisiguswe, kisigongwe wala kutupwa motoni, hata kama kina kutu. Watoto waondolewe eneo hilo na taarifa itolewe mara moja katika Kituo cha Polisi kilicho karibu. Baruti iliyofukiwa kwa miaka mingi inaweza bado kulipuka.

Serikali za vijiji nazo zina nafasi yake. Kupitia mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, eneo dogo lenye mabaki linaweza kutengwa, kama inavyofanyika kwa vyanzo vya maji, makaburi na misitu ya matambiko. Vijiji vingi vya wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi vimepitia zoezi la kupima ardhi na kutoa hati za hakimiliki za kimila. Wapimaji wanapotembea na wazee kuonyesha mipaka, huo ndio wakati mwafaka wa kuuliza pia palipokuwa na boma, kivuko au handaki. Katika maeneo ya mji kama Ifakara, ambako mashamba yanageuka kuwa viwanja, swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya mchoro wa mipango miji kukamilika.

Shule zilizopo katika bonde zinaweza kulifanya somo la historia kuwa hai kwa kuwatuma wanafunzi kuandika masimulizi ya babu na bibi zao. Waliosikia habari za 1905 na 1917 moja kwa moja kutoka kwa waliozishuhudia wanazidi kupungua, na tuta lisilo na msimulizi ni vigumu kulitetea mbele ya trekta.

Waliochimba mahandaki hayo, waliobeba mawe na waliokufa mbele ya maboma hawakuacha majina yao yameandikwa popote. Kwa wengi wao, alama iliyobaki duniani ni udongo waliouhamisha kwa mikono. Kuuacha udongo huo mahali ulipo, hadi utakapopimwa na kuandikwa, ni wajibu usiohitaji bajeti. Unahitaji mwananchi mmoja anayejua anachokitazama, na ofisi moja ya kata anayoweza kuifikia.